Tahariri: Wakongo walikataa kuwa kobayi. Na kobayi mwenyewe?

Mwanzoni mwa Aprili 2020, ugonjwa wa korona ukiwa ndio kwanza umeingia nchini, Profesa Jean-Jacques Muyembe, mkuu wa taasisi ya utafiti wa tiba INRB mjini Kinshasa, alitangaza mbele ya waandishi wa habari kwamba Congo iko tayari kupokea majaribio ya chanjo. Hasira ikawaka siku hiyo hiyo. Toka Kinshasa hadi Bukavu, kwenye simu na vijiweni, watu walirudia neno moja: sisi si kobayi. Profesa akalazimika kurudi kufafanua kwamba hakuna chanjo ya korona itakayotolewa Congo kabla haijajaribiwa kwanza katika nchi nyingine.

Hasira ile ilikuwa na haki yake. Nchi ambayo miili ya watu wake ilitumiwa na wakoloni bila kuulizwa ina sababu ya kushtuka ikisikia neno «majaribio». Lakini neno lenyewe linastahili kuangaliwa tena. Kobayi ni mnyama. Katika Kivu Kusini familia nyingi humfuga jikoni, chini ya rafu, akila majani na maganda ya ndizi. Ni nyama ya watoto, ni mnyama wa kuuza haraka wakati wa karo ya shule. Kifaransa kilichukua jina lake kikalifanya jina la kiumbe yeyote anayejaribiwa dawa. Kwa hiyo aliyesema «mimi si kobayi» alikuwa anasema: nisifanyiwe yale anayofanyiwa yule. Alijua kwamba kuna jambo zito linalofanywa. Hakuuliza ni jambo gani, linaumiza kiasi gani, na nani anahakikisha kwamba haliumizi kuliko inavyolazimu.

Maswali hayo yanaihusu Congo kuliko nchi nyingi. Dawa za Ebola zinazookoa watu hapa leo zilipita kwanza kwenye miili ya wanyama. Na karibu na Kisangani, kabla ya uhuru, sokwe mamia walifungiwa kwa ajili ya majaribio ambayo vijana wengi wa mji huo hawajawahi kusikia habari zake.

Deni la Beni na Butembo

Mlipuko wa Ebola uliotangazwa Agosti 2018 katika Kivu Kaskazini, ukaenea Ituri na kugusa Kivu Kusini, uliua watu 2,287 kati ya 3,470 waliougua kabla ya kumalizika Juni 2020. Katikati ya vita na vitisho dhidi ya wahudumu wa afya, lilifanyika jambo ambalo halikuwahi kufanyika wakati wa mlipuko wa Ebola kwa ukubwa huo: jaribio la dawa nne kwa mpigo, lililopewa jina la PALM. Lilianza Novemba 2018, likapokea wagonjwa 681, na mwezi wa Agosti 2019 likasimamishwa mapema kwa sababu jibu lilikuwa limeonekana. Dawa mbili, mAb114 na REGN-EB3, zilikuwa zinaokoa watu wengi kuliko nyingine mbili.

Hadithi ya mAb114 ni ya Kikongo. Chanzo chake ni damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Miaka 11 baadaye damu hiyo ilichunguzwa, na ndani yake zikapatikana kingamwili zilizokuwa bado zinakumbuka virusi. Kingamwili moja ikachaguliwa na kutengenezwa kwa wingi. Marekani iliidhinisha dawa hiyo Desemba 2020.

Lakini kati ya damu ya Kikwit na kitanda cha mgonjwa wa Butembo kulikuwa na hatua moja zaidi, nayo husimuliwa kwa sentensi moja tu, au hairukiwi kabisa hata neno. Dawa ilijaribiwa kwa makako. Hawa si makako wa misitu ya Congo. Ni nyani wadogo wa asili ya Asia wanaofugwa kwa ajili ya maabara. Waliingizwa virusi vya Ebola kwa makusudi, kwa kiasi kinachoua. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba waliopewa mAb114, hata wale walioanza kutibiwa siku ya 5 baada ya kuambukizwa, walipona. Katika majaribio ya namna hiyo kuna pia wasiopewa dawa, ili tofauti ionekane. Hao hufa.

Yeyote aliyemwona mgonjwa wa Ebola katika siku zake za mwisho anajua kifo hicho kina sura gani. Homa, kutapika, kuhara, kuishiwa nguvu, damu. Makako huugua kwa namna inayofanana sana na ya binadamu, na ndiyo maana alichaguliwa. Hapo ndipo ugumu wa jambo hili ulipo: kinachomfanya mnyama huyu afae kwa utafiti ndicho kinachofanya mateso yake yawe mazito. Asingefanana na binadamu, asingekuwa na faida. Kwa kuwa anafanana naye, hakuna anayeweza kudai kwamba haumii.

Dawa nne ziliponya makako, mbili ziliponya watu

Wapo wanaosema kwamba majaribio hayo yote ni ukatili usio na maana. Wapo wengine wanaosema kwamba ndiyo njia pekee na hakuna la kujadili. Jaribio la PALM linawasahihisha wote wawili.

Dawa zote nne zilizoingia PALM zilikuwa tayari zimeokoa makako. ZMapp ilikuwa na sifa kubwa kuliko zote: mwaka 2014 ilitangazwa kwamba makako 18 kati ya 18 waliotibiwa nayo walipona, hata pale tiba ilipoanza siku ya 5. Remdesivir nayo iliokoa makako wote waliopewa kuanzia siku ya 3. Zilipofika kwa wagonjwa wa Kivu Kaskazini na Ituri, kati ya waliopewa ZMapp walikufa karibu 50 kwa 100, na kati ya waliopewa remdesivir walikufa 53 kwa 100. Kwa mAb114 walikufa 35 kwa 100, na kwa REGN-EB3 walikufa 33 na ushee kwa 100.

Sababu zipo. Katika maabara, makako huambukizwa saa inayojulikana na hutibiwa siku iliyopangwa. Mtu wa Mangina au Katwa alifika kituoni baada ya kuzunguka kwa siku kadhaa kati ya zahanati, kwa mganga wa kienyeji na nyumbani, mwili ukiwa umejaa virusi. Waliofika mapema walipona kwa wingi zaidi. Mnyama wa maabara hana safari hiyo.

Basi ni lipi somo lake? La kwanza ni kwamba bila makako, dawa zile zisingefika Beni, au zingefika zikiwa hazijulikani hata kidogo, na Mkongo angekuwa ndiye kiumbe wa kwanza kujaribiwa. Hicho ndicho walichokataa watu mwaka 2020. Hata kanuni za Nuremberg za mwaka 1947, zilizoandikwa baada ya madaktari wa Wanazi kuhukumiwa kwa kutesa wafungwa, zinataka jaribio kwa binadamu litanguliwe na uchunguzi kwa wanyama. Anayekataa majaribio kwa wanyama leo, kesho, kabisa, aseme pia nani atakuwa wa kwanza kuchomwa sindano.

La pili ni kwamba jibu la mnyama si ahadi. Dawa mbili kati ya nne zilifaulu maabara zikashindwa kuwa na nguvu ile ile kitandani. Kila mnyama anayeumizwa kwa jaribio lililopangwa vibaya, au lililorudiwa bila sababu, au ambalo matokeo yake yalifichwa kwa kuwa hayakupendeza, ameumizwa bure. Na mgonjwa anayefuata anapewa matumaini ya uongo. Ubora wa utafiti na huruma kwa mnyama haviko mbali kama watu wanavyodhani.

Kambi ya Lindi

Kabla ya kuwanyooshea wengine kidole, Congo ina ukurasa wake wa kusoma. Kati ya mwaka 1956 na mwisho wa ukoloni, kando ya mto Lindi, karibu na mji ulioitwa Stanleyville na leo unaitwa Kisangani, palikuwa na kambi ya sokwe. Ilikuwa chini ya maabara ya tiba ya Stanleyville, iliyoongozwa na daktari Mbelgiji Ghislain Courtois, kwa ushirikiano na Hilary Koprowski, mtafiti aliyekuwa akitengeneza chanjo ya polio nchini Marekani. Karibu sokwe 400 walipitia humo, wakiwemo bonobo, mnyama asiyeishi porini popote duniani isipokuwa Congo. Walipewa chanjo, wakapewa virusi vya polio, wakachunguzwa. Wengi hawakutoka hai.

Mwaka 1958 chanjo hiyo ilitolewa mdomoni kwa watu zaidi ya 200,000 katika bonde la Ruzizi, kisha kwa watoto wa Léopoldville. Hao nao hawakuulizwa kwa namna ambayo leo ingeitwa kuulizwa. Sokwe na watoto wa bonde walikuwa kwenye daftari moja.

Baadaye kambi hiyo ilizua tuhuma kwamba ukimwi ulitokana na chanjo ile. Tuhuma hiyo bado inazunguka, na ni vema kusema wazi kwamba haikusimama. Sampuli za zamani za chanjo zilipopimwa hazikuonyesha virusi vya ukimwi wala alama za sokwe, na mwaka 2004 wachunguzi walionyesha kwamba virusi vya sokwe wa maeneo ya Kisangani ni vya tawi lingine, tofauti na lile lililozaa ukimwi uliosambaa duniani. Lindi haihitaji tuhuma ya uongo ili iwe na uzito. Ukweli wake unatosha.

Kuna jambo la kushangaza katika tarehe. Mwaka 1959, kambi ya Lindi ikiwa ingali na sokwe, Waingereza wawili, William Russell na Rex Burch, walichapisha kitabu kuhusu njia za kibinadamu za kufanya majaribio. Kitabu hicho kiliweka kanuni tatu ambazo hadi leo ndizo msingi wa maadili ya maabara. Kubadilisha: kama swali linaweza kujibiwa bila mnyama, asitumiwe. Kupunguza: wakitumiwa, wawe wachache kadiri hesabu inavyoruhusu. Kuboresha: wale wanaotumiwa waishi vizuri, wapewe dawa ya usingizi na ya kutuliza maumivu, na wasiachwe wateseke hadi mwisho kama mwisho unajulikana. Maarifa yalikuwepo tayari. Hayakuvuka mto Lindi.

Sokwe leo

Kwa sokwe, dunia imebadilika sana. Umoja wa Ulaya, kwa sheria yake ya mwaka 2010, ulifunga mlango wa majaribio kwa sokwe isipokuwa kwa dharura ya pekee. Marekani, iliyokuwa na sokwe wengi maabarani kuliko nchi nyingine, ilipokea mwaka 2011 ripoti ya wataalamu iliyosema kwamba majaribio mengi ya tiba kwa sokwe hayakuwa ya lazima. Mwaka 2015 taasisi yake ya taifa ya afya ikaacha kabisa kugharimia majaribio ya namna hiyo.

Congo ina mahali pa kulinganisha zamani na sasa. Lwiro, katika Kabare, Wabelgiji walijenga kituo kikubwa cha utafiti mwaka 1947. Tangu 2002, kwenye ardhi hiyo hiyo, ICCN na kituo cha utafiti wa sayansi CRSN wanalea sokwe na nyani yatima walionyang'anywa wawindaji na wafanyabiashara. Karibu na Kinshasa, Lola ya Bonobo, iliyoanzishwa na Claudine André mwaka 1994, inapokea watafiti wa kutoka mbali wanaotaka kujua akili ya bonobo. Utafiti wao hufanywa kwa michezo, masanduku na vipande vya matunda. Bonobo asipotaka kucheza, anaondoka zake. Makala za sayansi zilizotoka huko zinasomwa duniani kote, na hakuna aliyepasuliwa.

Hata hivyo, si kila mlango uliofungwa umefungwa bila hasara. Ebola inaua sokwe pia. Katika hifadhi ya Lossi, Congo-Brazzaville, watafiti walikadiria mwaka 2006 kwamba gorila wapatao 5,000 walikufa kwa ugonjwa huo. Baadaye ilijaribiwa chanjo ya kumeza kwa sokwe 10 waliofugwa Marekani, kwa lengo la kuwakinga wale wa porini. Mwaka 2017 matokeo yalichapishwa yakiwa ya kutia moyo, lakini kazi ilikatika kwa sababu sheria mpya zilikuwa zimefunga njia. Sheria iliyowalinda wachache walioko kizuizini ilisimamisha msaada kwa wengi walioko msituni. Sheria nzuri ni ile inayoacha nafasi ya kuuliza: maumivu haya ni kwa faida ya nani?

Maumivu yasiyolia

Sokwe akiumia, mtu anamwona usoni. Lakini walio wengi maabarani ni panya. Na panya, kama sungura na kobayi, ni windo la wanyama wengine. Akionyesha udhaifu anakamatwa. Kwa hiyo huumia kimya. Mfugaji yeyote wa Masisi anajua kwamba mbuzi anaweza kuonekana mzima jioni na asubuhi akakutwa amekufa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na sayansi ililala mbali na kitanda hicho kwa miaka mingi.

Mwaka 2010 watafiti wa chuo kikuu cha McGill, Montréal, walichapisha kipimo cha maumivu kinachosomwa kwenye uso wa panya. Macho hujikunja, pua na mashavu huvimba, masikio hurudi nyuma, sharubu hubadilika mkao. Kipimo hicho hakihitaji mashine ya bei. Kinahitaji mtu aliyefundishwa kuangalia. Mwaka huo huo, huko Liverpool, ilionyeshwa kwamba panya anayeinuliwa kwa mkia hujaa hofu, na yule anayeingia mwenyewe kwenye bomba au kubebwa kwa viganja viwili hutulia. Mwaka 2014 watafiti wa Montréal waligundua jambo jingine: harufu ya mwanamume tu chumbani, hata ya fulana aliyoivaa, iliwapa panya mfadhaiko uliobadilisha namna wanavyoonyesha maumivu.

Matokeo haya yanapaswa kumsumbua kila mwalimu wa maabara. Kama harufu ya fulana inaweza kubadilisha jibu la jaribio, ngome chafu, njaa, joto, kelele za jenereta na mkono unaovuta mkia vitabadilisha mangapi? Mnyama aliyejaa hofu ana damu tofauti, moyo tofauti, kinga tofauti. Namba inayotoka kwake si namba ya dawa. Ni namba ya dawa iliyochanganywa na hofu. Mbaya zaidi, namba hiyo ndiyo inayosafiri kuelekea kwa binadamu.

Nchi tajiri zenyewe hazijamaliza kazi hii. Sheria ya Marekani ya ustawi wa wanyama, ya mwaka 1966, haiwahesabu panya waliozalishwa kwa ajili ya utafiti kuwa wanyama wa kulindwa, ingawa ndio walio wengi mno. Ulaya inawahesabu, na inamtaka mtafiti aseme mapema kama jaribio lake litaumiza kidogo, wastani au vikali, kisha atoe taarifa ya kilichotokea kweli. Kuna pia mahali ambapo njia mpya zinachukua nafasi. Mwezi wa Aprili 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza mpango wa kupunguza hatua kwa hatua majaribio kwa wanyama, ikianza na kingamwili, yaani aina ile ile ya dawa kama mAb114. Seli za binadamu zinazokuzwa maabarani na programu za kompyuta zitafanya sehemu ya kazi. Hazitafanya yote kwa sasa. Hakuna seli kwenye kisahani inayoweza kuonyesha mwili mzima ukishindana na Ebola.

«Kuna mambo makubwa zaidi»

Msomaji wa Ituri au wa Rutshuru anaweza kuuliza swali la haki. Watu wanachinjwa usiku, familia ziko kambini chini ya maturubai, hospitali hazina dawa ya maumivu hata kwa mama anayejifungua. Ni nani ana muda wa kuhesabu maumivu ya panya?

Swali hilo haliwezi kupuuzwa. Hospitali ikiwa na chupa moja ya dawa ya kutuliza maumivu na mgonjwa mmoja, dawa ni ya mgonjwa. Lakini hilo silo chaguo linalokabili maabara. Chaguo lake ni dogo na la kila siku: kumwinua mnyama kwa mkia au kwa mikono, kutumia wanyama 40 au kuhesabu vizuri na kutumia 15, kumwacha yule ambaye tayari anakufa aendelee hadi asubuhi kwa sababu ni saa ya kufunga, au kumaliza mateso yake jioni hiyo hiyo. Mambo hayo hayanyang'anyi mtu dawa. Yanahitaji mafunzo, daftari na mtu wa kuwajibika.

Tena, historia ya Lindi inaonyesha kwamba mipaka hii haikai mahali ilipowekwa. Walioona sokwe kuwa kitu tu ndio walioona bonde zima la Ruzizi kuwa mahali pa kugawia chanjo bila maelezo. Mtafiti aliyezoea kutoulizwa swali lolote juu ya mnyama hazoei kirahisi kuulizwa juu ya mtu maskini. Azimio la Helsinki, ambalo madaktari wa dunia walilipitisha mwaka 1964 kulinda binadamu katika utafiti, limebeba pia agizo la kuheshimu ustawi wa wanyama wanaotumiwa. Walioliandika waliviona vitu hivyo viwili vikiwa jirani.

Linalotakiwa Congo

Congo haianzi kutoka sifuri. Ina Kamati ya Taifa ya Maadili ya Afya, na jaribio la PALM halikuanza bila kibali cha wachunguzi wa maadili wa Kikongo. Ina vitivo vya tiba ya wanyama, kama vile Lubumbashi na Butembo. Ina INRB, yenye maabara Kinshasa na Goma. Ina sheria ya uhifadhi wa mazingira ya Februari 2014. Na ni mwanachama wa Shirika la Dunia la Afya ya Wanyama, lililojulikana kwa miaka mingi kama OIE, ambalo kanuni zake zina sura nzima juu ya wanyama wanaotumiwa katika utafiti na mafundisho. Karatasi hiyo imekwisha kuandikwa. Inasubiri kufanywa kuwa agizo linalosomeka katika kila maabara ya nchi.

Agizo hilo liseme wazi kwamba hakuna jaribio kwa mnyama mwenye uti wa mgongo litakaloanza, liwe la profesa au la mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, bila kupita mbele ya kamati yenye daktari wa wanyama na angalau mtu mmoja asiye mtafiti. Mtu huyo wa nje ni muhimu. Ndiye atakayeuliza swali ambalo wataalamu wameacha kujiuliza: je, ni lazima? Kamati itake kuandikwa mapema idadi ya wanyama na sababu yake, dawa ya maumivu itakayotumika, na alama ambayo ikifikiwa mnyama hataachwa aendelee kuteseka.

Wanafunzi wafundishwe kabla ya kupewa kisu. Pale ambapo video au mfano wa plastiki unatosha kuonyesha moyo ulivyo, chura na panya waachwe. Anayejifunza kwa mara ya kwanza kwamba kiumbe anaweza kupasuliwa bila ganzi kwa sababu hawezi kulalamika, amejifunza jambo ambalo atalibeba hadi hospitalini.

Kwa nje, Congo itumie nafasi yake. Dawa na chanjo za Ebola, za mpox na za magonjwa mengine yanayozuka hapa zitaendelea kuja nchini kwa majaribio. Wakati wa kusoma faili la dawa mpya, kamati ya Kinshasa ina haki ya kuuliza wanyama wangapi walitumika, walitendewaje, na hasa kama majaribio yaliyoshindwa yametangazwa pia. Wagonjwa wa PALM walionyesha gharama ya kuamini jibu la mnyama kupita kiasi. Nchi iliyotoa wagonjwa hao haiombi fadhila ikitaka kuona daftari lote.

Kuhusu sokwe na bonobo, sheria iseme hapana kwa majaribio ya kuumiza kwa faida ya binadamu. Ikiwa siku moja itahitajika chanjo ya kuwakinga wao wenyewe na Ebola, mlango huo ufunguliwe kwa kibali cha pekee, mbele ya ICCN na kamati ya maadili, hadharani.

Na mjini Kisangani, chuo kikuu kina nafasi ya kufanya jambo lisilogharimu fedha nyingi: kufundisha habari za Lindi. Mwanafunzi wa tiba au wa biolojia anayemaliza masomo yake kilometa chache kutoka mto ule ajue ni nini kilifanyika pale, kwa sokwe na baadaye kwa watu, na kwa nini kisirudiwe.

Mwaka 2025 Ebola ilizuka tena, safari hii Bulape, katika Kasai. Dawa iliyotokana na damu ya Kikwit ilikuwepo, na wagonjwa walitibiwa nayo. Kila mmoja aliyetoka kituoni kwa miguu yake alikuwa na watu wengi wa kushukuru: aliyetoa damu, wauguzi, wagonjwa wa Beni na Butembo waliokubali dawa zijaribiwe kwao. Katika orodha hiyo wapo pia makako ambao hawakuulizwa. Hawawezi kulipwa. Wanaofuata baada yao wanaweza kutendewa vizuri zaidi, na hilo liko mikononi mwa watu wanaojua vema maana ya kusema: sisi si kobayi.